Soko Lisilotaka Broka

Hakuna kitu cha soko kinachoweza kunishangaza, na nasema hivyo nikiwa na sababu. Nilianza kubeba magunia pale Tala nikiwa na miaka kumi na tatu, baada ya mimi na shule kukubaliana kwamba tumechoshana. Nimelala juu ya maembe na nimelala chini ya maembe. Kuna siku niliuza maembe ya Matuu kwa jina la Kathiani na ya Kathiani kwa jina la Matuu, kwa mteja mmoja, na akanishukuru mara mbili. Leo niko na malori matatu. Niko na nyumba ya mawe mlimani ambayo ukisimama Machakos mjini na macho yako ni mazima, unaiona. Waliomaliza shule huja kwangu kuomba kazi na vyeti vyao ndani ya bahasha ya kaki, nami huvisoma polepole. Si kwamba najua sana vinasema nini. Napenda tu wanione nikivisoma.

Kwa hivyo binti yangu wa kwanza aliponiambia, siku ya nne baada ya mimi kufika kwake Uingereza, kwamba Jumamosi tutaenda soko la wakulima, nilicheka hadi chai ikanipalia.

"Mwaitu," nikamwambia, "sasa unataka kumwonyesha fisi mfupa?"

Huwa namwita mwaitu, yaani mama yangu, kwa sababu kwetu Ukambani binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na mtu hawezi kuita mama yake jina hivi hivi kama anaita kuku.

"Baba, hili soko si kama yale yako."

"Soko ni soko."

"Hapa hakuna kubishana bei."

"Basi hilo ni duka lililokosa paa."

Hakucheka. Aliketi, akaweka mkono nyuma ya kiuno kama alivyokuwa akifanya tangu nifike, akanieleza, na ndipo nikajua haikuwa safari ya kunitembeza. Yeye hufanya kazi usiku katika nyumba ya kulea wazee. Anawainua kitandani, anawageuza, anawaosha, na wazee wa huko wamekula vizuri maisha yao yote, hakuna mwepesi hata mmoja. Mgongo wake ulikuwa umeanza kukataa. Ndipo akaomba kamati ya lile soko impe meza ya kuuza chapati na ndengu. Wakampa Jumamosi tatu za majaribio. Mbili zilikuwa zimepita vizuri. Hii ilikuwa ya tatu, na saa saba mchana, soko likifungwa, kamati ingeamua. Akipata meza, angepunguza kazi ya usiku ibaki siku mbili kwa wiki. Akiikosa, angengoja hadi mkulima mmoja afe aache nafasi, na wakulima wa huko, kwa vile nilivyokuja kuwaona, hawafi ovyo.

"Wanataka nini hao?" nikamuuliza.

"Wanataka nifuate sheria zao." Akanipa karatasi. "Soma, kwa sababu utakuwa na mimi pale."

Ilikuwa ya Kizungu, pande zote mbili, maandishi madogo kama ya chupa ya dawa. Nikaisoma polepole. Nikamrudishia.

"Umeelewa?"

"Mwaitu, mimi nilikuwa sokoni kabla hujazaliwa."

Jumamosi tulifika mapema. Soko lenyewe liko uwanja wa kanisa, pale waumini huegesha magari. Hema ishirini za kijani, zimepangwa mstari ulionyooka kama zilipimwa kwa kamba. Hakuna spika. Hakuna mhubiri. Hakuna mtu anayepiga kelele kwamba mali ni ya leo na mwenye duka amerukwa na akili. Kimya kama maktaba, na mimi maktaba nimeiingia mara moja tu, nilipopeleka mahindi ya jikoni kwenye shule moja nikakosea mlango.

Watu walikuwa wameshafika na vikapu vyao, lakini hawakuingia. Walisimama nyuma ya kamba moja nyembamba, kamba ambayo mbuzi wa kwetu angeipita akiitafuna. Wakangoja. Saa tatu kamili akatokea mama mmoja mrefu, buti hadi magotini, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi, akapiga kengele ya mkono kama ya shule ya msingi. Watu wakaingia, mmoja nyuma ya mwingine, wakiombana msamaha.

"Huyo ndiye mwenyekiti wa kamati," binti yangu akaniambia kwa sauti ya chini. "Baba, msalimie tu."

Nikamsalimia. Akaniambia amefurahi sana kuniona. Akaniambia pia kwamba hali ya hewa ni nzuri. Meno yangu yalikuwa yanagongana, lakini sikumbishia, kwa sababu ya meza.

Binti yangu akawasha gesi, akaanza kupasha ndengu moto, nami nikaenda kukagua washindani. Niseme ukweli, nilijifunza mengi. Nilijifunza kwamba karoti ikiwa na udongo inauzwa ghali kuliko iliyooshwa. Mimi nawalipa akina mama sita kuosha karoti mtoni, miaka yote hiyo nikitupa pesa kwenye maji. Nilijifunza kwamba nyanya iliyopasuka, iliyopinda, yenye kovu kama mtu aliyeponea ajali, huko si ya ng'ombe. Huko inalazwa peke yake juu ya kitambaa na kuandikiwa jina. Nilionja jibini ya mbuzi kwa kijiti, na muuzaji, kijana mwenye mikono laini kama ya kasisi, akanieleza jina la mbuzi mwenyewe, tabia yake, na vile hapendi mvua. Nikaonja mara ya pili ili nisikie habari za ndugu yake. Mama wa asali aliniita mpenzi. Nikageuka nyuma kuona anaongea na nani. Mimi nimeoa miaka ishirini na nane iliyopita na mke wangu hajawahi kuniita hivyo, hata siku nilipomnunulia friji.

Niliporudi, binti yangu alikuwa na watu watano mbele ya meza. Harufu ya chapati ilikuwa inafanya kazi ambayo kwetu hufanywa na spika.

"Baba, nisaidie. Niletee mafungu matano ya sukuma wiki kwa yule mzee wa kofia ya sufu, hema la mwisho. Lipa bei imeandikwa. Usiongeze neno."

"Siongezi."

Mzee wa kofia alikuwa na miaka sabini na kitu. Ndiye mtu pekee katika soko lile la wakulima ambaye mikono yake ilinishawishi kwamba anajua jembe. Ilikuwa imepasuka, na weusi umeingia ndani ya mipasuko usitoke tena. Meza yake ilikuwa na karoti, vitunguu vichache, na kreti za sukuma wiki iliyofungwa kwa mpira mmoja mmoja. Nikachukua fungu nikahesabu. Majani manane. Pauni mbili. Kwetu majani manane ni kitu unamrushia sungura ukipita.

Kizungu changu si kingi, lakini kimeuzia maembe Wahindi, Wasomali na Mjerumani mmoja. Nikamsalimia, nikamuuliza, "Mzee, bei yako ya mwisho ni gani?"

"Pauni mbili."

"Hiyo ni ya kwanza. Nauliza ya mwisho."

Akafikiria. Nataka ijulikane kwamba alifikiria kweli. "Pauni mbili," akasema.

"Mimi ndiye mteja wako wa kwanza leo. Ukiniacha niende hivi, unafunga siku yako na mkono wako mwenyewe."

"Hapana," akasema, bila ubaya. "Mimi huuza zote. Kila Jumamosi, kabla ya saa tano huwa zimeisha. Hakuna mwingine analeta hii."

Sasa, mkulima hapaswi kumwambia broka kama mimi maneno kama hayo. Ni kama kuku kumwambia kicheche kwamba mlango wa banda hufungwa na kamba tu. Nikaangalia hema zote tena. Ni kweli, hakuna mwingine alikuwa na sukuma. Nikahesabu kreti: mafungu arobaini. Nyuma yangu mama mmoja na kikapu alikuwa ameshaanza foleni, anaangalia zile kreti kwa mapenzi.

Kwetu hii kazi tunaiita kufagia. Kitu kikiwa kwa mtu mmoja tu, unakichukua chote asubuhi, halafu soko linakutafuta wewe. Lori langu la kwanza lilitoka kwa vitunguu vya Tala, wiki moja kabla ya Krismasi, nilipofagia hadi watu wakadhani ardhi imeacha kuotesha vitunguu. Si wizi. Ni kuamka mapema.

"Nachukua zote," nikamwambia.

"Zote? Uko na watu wengi nyumbani?"

"Wengi sana." Na si uongo. Ukoo wetu hauna mwisho.

Akajikuna chini ya kofia. "Kuna wateja wangu wa kila wiki..."

"Pesa zao na zangu zina rangi tofauti?"

Akaangalia viatu vyake. Nikahesabu pauni themanini, pesa zangu, si za binti yangu, nikaziweka mkononi mwake kabla hajamaliza kuangalia. Halafu nikamuuliza kuhusu nyongeza. Hakuelewa. Nikamfafanulia: kwetu mtu akinunua, muuzaji humwongezea kidogo juu, embe moja, kiganja cha maharagwe, ili mnunuzi arudi. Asipoongezewa anajiongeza, na hakuna anayemkasirikia. Mzee akasikiliza yote kwa makini kama somo la kanisani. Kwa vile hakusogea, nikafanya vile mtu yeyote wa kwetu angefanya. Nikachagua karoti moja ya katikati, na udongo wake, nikamwonyesha wazi asije akasema nimeficha, nikaitia mfukoni mwa koti. Akaiangalia karoti, akaniangalia mimi, akainua kofia kidogo. Nilidhani ananishukuru.

Niliporudi, binti yangu alikuwa amenipa mgongo, anageuza chapati. Nikampa mafungu yake matano, akayapokea bila kugeuka. Thelathini na tano yaliyobaki nikayapanga upande wa pili wa meza, majani yakiangalia watu, nikayanyunyizia maji kidogo. Nikachukua kipande cha chaki na ubao wake mdogo, nikaandika 3. Nambari naziandika vizuri sana.

Katika dakika kumi nilikuwa nimeuza mawili, kwa kijana aliyebeba mtoto kifuani kwa mkoba. Nikamwambia imechumwa leo asubuhi. Ilikuwa kweli. Ukweli ukikubaliana na biashara sioni kwa nini mtu aukatae.

Halafu akaja yule mama wa kikapu. Akasimama. Akainama. Akaigusa.

"Hii si ya yule mzee?"

"Ilikuwa yake."

"Kwake ni pauni mbili."

"Kwake zimeisha."

Kwetu angenitukana hadi babu wa nne, halafu anunue. Huyu hakunitukana. Alisema asante, akaondoka. Hapo ndipo ningepaswa kuogopa, maana mteja akiondoka bila kutukana, amekwenda kuita mtu.

Mwenyekiti wa kengele alikuja akitabasamu. Hakuniuliza mimi. Alimwambia binti yangu, "Samahani sana, nauliza tu. Hii mboga umeipanda wewe?"

Binti yangu akageuka na mwiko mkononi. Akaona kreti. Akaona ubao. Akaniangalia mimi, na nilitamani sana awe anamwangalia mtu mwingine.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka. Jibu lilikuwa tayari, tamu, limekamilika: shamba dogo nyuma ya nyumba, mbegu zilizotoka kwa nyanya yake kule Kathiani, mbolea ya kuku. Mimi nimewahi kumwapia padre kwamba embe la jana ni la leo, na akanunua debe. Lakini binti yangu akaniambia kwa Kikamba, taratibu, bila kunitazama, kwamba nisiseme neno hata moja. Alikuwa na sauti ya yule aliyempa jina, mama yangu. Nikafunga mdomo.

"Hapana," akamwambia mwenyekiti. "Baba yangu ameinunua kwa mzee wa kofia, leo hii. Ni kosa letu."

Letu, alisema. Mimi nilikuwa nimelifanya peke yangu, bila msaada wa mtu.

Mwenyekiti akaeleza, akiomba msamaha katikati ya kila sentensi. Katika soko lile mtu anauza alichopanda mwenyewe au alichopika mwenyewe. Ndiyo sheria ya kwanza kwenye karatasi, juu kabisa. Soko lilianzishwa kwa sababu hiyo, ili mkulima na mteja waonane uso kwa uso pasipo mtu wa katikati.

Mtu wa katikati ni mimi. Yaani walikaa chini, watu wazima wenye akili zao, wakaanzisha soko zima, na hema, na kamba, na kengele, kunizuia mimi. Sikujua najulikana hadi huko.

"Kamati itakaa saa saba," akasema. "Wateja wa yule mzee wamekosa mboga, na iko hapa kwenye meza yako kwa bei ya juu. Nasikitika sana, lakini nitalazimika kuwaambia."

"Naelewa," binti yangu akasema.

Hakulia. Aligeukia jiko, na chapati iliyokuwa pale ilikuwa imeungua, nyeusi upande mmoja. Siku zote nilizokaa kwake sikuwa nimemwona akiunguza chapati. Akaitoa, akaiweka kando, akapaka mafuta, akaweka nyingine, mkono mmoja nyuma ya kiuno.

Mama yangu alikuwa na miembe kumi na mmoja. Kila msimu broka alikuja na pickup, akasema bei yake, mama akaangalia chini, akakubali, kwa sababu embe haliwezi kungoja. Mimi ndiye nilikuwa nikimhesabia. Watu hudhani ukiona hivyo utakua ukiwachukia mabroka. Mimi niliangalia mama yangu na nikaangalia ile pickup, na nikachagua pickup. Sijawahi kujutia, na nyumba yangu inaonekana kutoka mjini. Ila asubuhi ile nilikuwa nimesimama nyuma ya mtu mwenye uso wa mama yangu, na broka aliyemharibia siku alikuwa amevaa koti langu.

Nikapanga mafungu yote ndani ya kreti tena. Nikafuta ile 3 kwa mkono wa shati. Kijana wa mtoto alikuwa bado sokoni, kwenye hema la mkate, nikamrudishia pauni zake sita na kumwambia abaki na mboga. Alinishukuru kwa wasiwasi, akakaza mkoba wa mtoto.

Mzee wa kofia alikuwa anapakia gari lake. Hakuwa na mengi ya kuuza tena, nilikuwa nimemmalizia siku. Nikaweka kreti juu ya meza yake.

"Nimerudisha."

Akaangalia kreti, na mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye kopo la pesa. Hakuuliza kwa nini. Akaanza kuhesabu noti zangu.

Sasa, mimi niko na makosa, hata kama si mengi. Lakini sijawahi kurudisha mzigo nikadai pesa. Broka akishapakia, mzigo ni wake, uoze, uibiwe, daraja livunjike. Niliwahi kumwaga lori zima la nyanya Yatta, barabara ikiwa imekatwa na mvua, na mkulima alikaa na pesa yake hadi senti ya mwisho. Ukirudisha mara moja tu, hata mtoto hakuuzii embe tena. Nikamshika mzee mkono.

"Pesa ni zako. Waite watu wako."

"Niwauzie tena?" akaniuliza. "Kitu umeshanilipa? Nitauzaje kitu kimoja mara mbili?"

"Mzee, mimi nimejenga nyumba hivyo."

Alicheka, na nikaona hana meno ya juu upande mmoja. Akasema hapana, hawezi. Nikasema basi, mimi siwezi kuchukua pesa, na wewe huwezi kuuza. Tukaangaliana, watu wawili wenye vichwa vigumu na sukuma wiki katikati. Mwishowe ikawa vile singemtakia adui yangu. Nilisimama nyuma ya meza ya mkulima, mimi mwenye malori matatu, nikagawa mboga bure.

Mzee alinielekeza. "Huyu huchukua mawili. Yule moja. Yule mwenye mbwa, matatu, moja ni la mbwa." Nami natoa. Shida ilikuwa kwamba hawakutaka kupokea. Kwetu ukisema bure, meza inavunjika. Hawa walisimama na pauni zao mkononi, wakiuliza kama nina uhakika, kama si taabu, kama ni ya kuchangia nini. "Imelipwa," mzee akawaambia kila mmoja, akininyooshea kidole. "Na huyu bwana." Wakaniangalia kama mtu anayetaka kugombea ubunge.

Mama wa kikapu alikuja wa mwisho. Nikampa mawili.

"Kwa nini unafanya hivi?"

"Sheria," nikasema.

Akaniangalia kidogo. "Nyinyi mnaipikaje?"

Nikamuuliza yeye anaipikaje. Anaichemsha kwa maji. Maji tu, na chumvi. Miaka mingi, kila Jumamosi, anakuja na kikapu, anabeba, anaenda kuichemsha maji. Nilimhurumia hadi nikasahau vile alinichongea. Nikamweleza ikatwe nyembamba kabisa, kitunguu kwanza, kisha nyanya, hata ile yenye makovu, moto mkali, na isikae. Hakuelewa kukata nyembamba. Nikamwambia aende kwa binti yangu aone kwa macho, anaipika sasa hivi. Akaenda. Waliokuwa nyuma yake wakaenda pia, maana watu wa huko wakiona foleni huingia kwanza, halafu huuliza ni ya nini. Kutoka kwa meza ya mzee nilimwona binti yangu akikata sukuma mbele ya watu kumi na wawili, kisu kikienda kama cherehani, akiongea, na saa sita na nusu alikuwa anakwangua sufuria.

Saa saba kengele ikalia. Kamati ilikuwa watu watatu wamesimama nyuma ya gari, wanakunywa chai. Binti yangu alikuwa anaosha sufuria iliyokwisha kuwa safi. Nilimpangusia meza. Tulipangusa na kuosha vitu visivyo na uchafu hadi mwenyekiti akaja.

"Meza ni yako," akamwambia.

Binti yangu akaketi juu ya kreti, polepole, kama mtu aliyewekwa chini na wengine.

"Kuna mmoja alikuwa na wasiwasi," mwenyekiti akaendelea, "lakini mzee wa kofia alikuja kutuambia mambo yamenyooshwa. Na ulisema ukweli." Kisha akanigeukia mimi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatabasamu meno yote. "Na baba yako anakaribishwa sana wakati wowote. Kama mteja."

Alipoondoka, binti yangu akanigeukia.

"Baba, ile karatasi ya sheria uliisoma?"

"Niliisoma."

"Baba."

"Niliisoma polepole."

Akaanza kucheka, akashika mgongo kwa sababu kucheka kulikuwa kunamuuma, akaendelea kucheka. Akatoa pauni kumi kwenye mfuko wa aproni, bei ya mafungu yake matano. Nikazirudisha mfukoni mwake. Akazitoa tena. Tukafanya hivyo mara tatu, mwishowe nikamwambia kwamba mama yangu hakuwahi kunilipa mboga na hataanza leo.

Nilienda kumuaga mzee wa kofia. Alikuwa amepakia kila kitu, mizani na kreti na hema, amebaki kufunga mlango wa gari. Kwetu mkimaliza biashara mnaulizana kama mmemalizana, ili mmoja asije akaamka kesho na deni kichwani. Nikamuuliza, "Mzee, tumemalizana?"

Akafikiria, vile alivyofikiria asubuhi.

"Karoti," akasema.

Nikaitoa mfukoni. Akafungua mlango wa gari, akateremsha kreti mbili, akatoa mizani, akaiweka juu ya ukuta wa kanisa, akailaza karoti juu yake, akavaa miwani.

"Senti thelathini."

"Umeipima na udongo?"

"Udongo," akasema, akivua miwani, "ndiyo nyongeza."

Nikalipa. Nyumbani nikiulizwa Ulaya nilinunua nini, huwa nasema sukuma wiki na karoti moja, wanadhani natania. Pauni themanini na senti thelathini, ambazo siku ile zilikuwa shilingi elfu kumi na tatu, mia sita hamsini na moja.